Sauti Haikukosea

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, wala hapakuwa na mashine ya kumnyoosha sauti. Leo chumba cha kulala hugeuzwa studio, na kabla ya maikrofoni njema hutafutwa Auto-Tune, programu iliyozaliwa 1997. Programu hiyo, ikiachwa ilivyo, huzijua noti 12 tu za piano. Lakini katika maqam ya Rast, noti ya tatu hukaa baina ya mbili za piano. Udi waijua, fidla yaijua, koo la mwimbaji wa taarab laijua. Mashine huiona kosa, ikaisukuma pembeni. Huko si kusahihisha, ni kufuta. Mwenye fedha chache na anunue maikrofoni moja, kadi ya sauti yenye matundu mawili, na godoro ukutani limeze mwangwi. Kisha mwimbaji aachwe aimbe.