Kabla ya tingatinga kufika

Hakuna mkazi wa Kisauni, Bamburi au Shanzu atakayesikitika kwa kupanuliwa kwa barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Mtwapa. Msongamano wa magari umewachosha watu miaka mingi, na mimi si miongoni mwa wapingao lami. Ninayoipinga ni desturi ya kuchora njia kwanza, kisha kuitafutia ripoti ya kuihalalisha.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ifanywe na leseni itolewe kabla ya kazi kuanza. Hata hivyo, mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, ule mugumo wa Waiyaki Way uliokolewa na amri ya Rais baada ya wananchi kupiga kelele. Ikiwa mti mkubwa unaoonekana na kila apitaye ulihitaji amri ya Ikulu, kilichofukiwa ardhini kitaokolewa na nani?

Pwani swali hilo ni zito zaidi. Ufuoni mwa Mtwapa pana magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Barabara haiyafikii magofu hayo, lakini miji ya kale haikuishia penye kuta tuzionazo leo. Waswahili wengi wa zama hizo waliishi katika nyumba za fito na udongo, ambazo hazikuacha ila alama za nguzo, vigae vya vyungu na maganda ya chaza. Mpimaji akipita juu yake huona shamba tupu. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 humtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa katika muda wa siku 7. Siku 7! Tingatinga litakuwa limekwisha kusawazisha kijiji kizima.

Kwa barabara zitakazofuata, yafaa wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa wachimbe mashimo ya majaribio kandokando ya njia wakati ramani ingali karatasi. Hapo kuusogeza mtaro mita chache si gharama. Na wenyeji waulizwe maji ya mvua hupita wapi, kwani lami pana haifyonzi. Waulizwe barazani, kwa Kiswahili. Ripoti nene ya Kiingereza iliyofungiwa ofisini haijapata kumshauri mtu.