Seva Mbili Si Kinga

Hapa Maramba, mkoani Tanga, simu isiyo na laini mbili utaitafuta. Mwenye steshenari anachapa barua kwa bando la mtandao huu; ukigoma, anawasha data ya ule mwingine na foleni inasogea. Mazoea hayo yamezaa imani ninayoisikia hata maofisini, kwa watu wanaotunza kumbukumbu zetu kwenye wingu: vikiwa viwili, tumepona.

Jumapili ya Mei 12, 2024 ingetosha kuwazindua. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM, yote miwili, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Waliohama laini walihama jina la kampuni tu. Huko baharini tegemeo lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo swali la kwanza si vingapi, ni kama vyote vinaweza kufa kwa ajali moja. Moto wa kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Machi 10, 2021, uliwaachia hasara hata baadhi ya waliokuwa na nakala rudufu, kwa kuwa ziliwekwa kwenye kituo hicho hicho. Septemba 26, 2025 ikawa zamu ya Korea Kusini: moto wa Daejeon uliteketeza G-Drive, ghala la wingu la watumishi wa umma, terabaiti 858, bila nakala nje ya jengo. Nchi ya Samsung, hiyo!

Kuna balaa jingine ambalo wauza mifumo hawalitaji. Tuseme chama cha ushirika kina seva moja Tanga, ya pili Dar es Salaam. Waya kati yao ukikatika, ya Tanga inadhani ya Dar imekufa, na ya Dar inadhani hivyo hivyo. Kila moja inajitawaza na kuendelea kupokea maingizo. Waya ukirudi, chama kina vitabu viwili vya karafuu ile ile, na hesabu hazilingani. Dawa yake ni shahidi wa tatu, aliyekaa mahali pengine kabisa: seva isiyopata kura yake inanyamaza. Kikompyuta kidogo kinatosha kwa kazi hiyo, lakini bajeti ikibana ndicho cha kwanza kufyekwa.

Na seva hizo mbili zikielewana? Karani akifuta folda kwa bahati mbaya, seva ya pili nayo inaifuta papo hapo, kwa utii wote. Kitakachomwokoa karani ni nakala ya jana, iliyotengwa, ambayo amri ya leo haiifikii.

Basi mkandarasi akija na mchoro wake wa seva mbili, mwambieni achomoe waya wa moja saa nne asubuhi, wateja wakiwa dirishani. Akianza habari za kusubiri wikendi, msimsainie.