VIDOLE VYA MAJERUHI NI DENI



Wako watu ambao, akitajwa majeruhi wa risasi, husema: "Kapoteza kidole tu, na ashukuru." Twawajibu kuwa Sharia haikukidharau kidole. Diya ya mtu ni ngamia 100, na ya kila kidole ngamia 10, kiwe gumba au kiwe cha mwisho. Ndicho tukiinuacho katika tahiyatu, ndicho kichumacho karafuu na kuvuta mshipi, na ndicho kitiwacho wino siku ya kura.

Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, wakamiminiwa risasi. Human Rights Watch ilihesabu waliokufa wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600, ikaeleza pia kuwa majeruhi walizuiwa wasende kutibiwa. Kumzuia majeruhi ni kumpiga risasi ya pili. Jeraha la risasi halingoji: lataka lioshwe na nyama iliyokufa iondolewe mapema. Kisha daktari hushikiza mfupa kwa vijiti vya chuma, huunga kano zilizokatika, na hufunika pengo kwa ngozi iliyotolewa pahala pengine. Baadaye ni mazoezi, majuma mengi, ama sivyo kidole hukakamaa kama msumari.

Kazi hiyo yawezekana Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Lakini mtu wa Micheweni atavuka bahari, atalala kwa shemeji yake Mbagala au Mwananyamala, na atapanda daladala kila juma, mkono umening'inia shingoni. Nauli ikimwishia, hurejea kwao kabla ya mazoezi kwisha, na kazi yote ya daktari ikapotea bure.

Tena hudaiwa fomu ya polisi, PF3. Aliyepigwa risasi na polisi ataiombaje kwa polisi? Swali hili si la Wapemba peke yao. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, risasi zililia Dar es Salaam kwenyewe. Jirani yetu wa Temeke na Kinondoni naye aulize.

Twadai majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate. Twadai Serikali ambayo askari wake walipiga, ilipe upasuaji, nauli na mazoezi.

Nasi tujihesabu. Kila Januari twawarehemu maiti wetu, na ni wajibu. Lakini nani katika matawi yetu ana daftari la walio hai na vidole vyao? Deni lisiloandikwa hukanwa. Tuliandike.

Wabillahi taufiki.