Furaha Si Dharau

Kila kukitokea habari mbaya Lamu, nikiposti vijana wakicheza dhumna barazani au watoto wakijirusha majini, lazima mtu aniulize: "Nyinyi hamna uchungu?"

Uchungu tunao. Juni 2014, watu wasiopungua 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Huko ni bara, sisi Langoni tuko kisiwani, lakini kafyu ilitufikia pia: jua likizama, kila mtu ndani. Wavuvi wa usiku wakakosa riziki.

Ndiyo maana kwangu dhumna ya jioni si jambo dogo. Nitaendelea kuiposti. Na wewe ukisambaza habari, taja kijiji chenyewe. Ukisema "Lamu" tu, nani atajua msaada upelekwe wapi?