MVUA INANYESHA, MITUNGI MITUPU



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema ati habari za kukinga maji ya mvua ni mambo ya mashamba, na kwamba mtu wa mjini kazi yake ni kudai bomba tu. Wengi mlimpigia makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa saa zilikwisha nisipate nafasi ya kusema, najibu hapa.

Kwanza nauliza, bomba ni nini? Maji ya bomba la Nairobi sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, lenye kuweka mita za ujazo milioni 70. Maji hayo hayakutoka katika bomba, yalitoka mbinguni, yakakingwa. Mwaka 2017 mvua ilipopungua bwawa likashuka, na mji mzima ukaanza kugawiwa maji kwa zamu tangu Januari. Basi anayesema yeye adai bomba wala hataki mvua, hajui anachodai.

Mimi ni mtu wa gengi, kazi yangu ni njia ya reli. Kila mwanagengi ajua ya kuwa adui wa njia ni maji kuliko treni nzito. Kabla ya masika twazibua mitaro na makalvati, kwa sababu kalvati likiziba tuta hugeuka kuwa bwawa, na bwawa la udongo halina subira. Mliyasikia ya Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Watu walidhani kwanza bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Serikali ikaeleza kwamba mto ulizibwa na takataka chini ya tuta la reli, maji yakajaa, kisha yakapasua. Watu zaidi ya 40 walikufa. Majuma yale yale Mathare ilifurika, na waliofurikiwa wakanunua maji ya kunywa kwa mtungi. Sasa niambieni, hiyo ni shida ya kukosa maji au ni shida ya kutoyatawala?

Kwetu ni Osiri, Nyatike, mji ulioota juu ya mashimo ya dhahabu. Mtu ashukaye gari pale ataona mabati kila upande, na mabati hayo hayana mifereji. Mvua ikipiga, maji yote yaenda chini, yaingia mashimoni, na udongo ukilowa shimo huangukia waliomo. Kiangazi kikija, akina mama wabeba mitungi kutafuta maji, na vidimbwi vya karibu ndivyo vinavyooshewa mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji, ndugu zangu. Huko chini mto Kuja nao hufurika ukaingia katika nyumba za watu. Na Homa Bay, mji ulio ukingoni mwa Ziwa lenyewe, mifereji ya nyumbani hukauka. Kwa hiyo msiniambie ati mimi naleta mambo ya kijijini. Nimeyaona yote mawili, na naona ni ugonjwa mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata sisi wa shule ya misheni twaiweza. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita 60. Mvua ya milimita 100, ambayo kwetu mwezi wa Aprili si ajabu, ni lita 6,000. Toa moja ya tano kwa kupotea, zabaki 4,800. Jamaa ya watu sita wakitumia lita 120 kwa siku, hayo ni maji ya siku 40. Mimi kwa mchuuzi nanunua mitungi minne kwa siku, shilingi 20 mtungi, na siku za shida ni 50. Kwa bei ya chini tu ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Twagombana na tajiri mwaka mzima kwa nyongeza, kisha twampa mwenye mkokoteni.

Nakubali jambo moja. Ghorofa yenye jamaa 40 chini ya paa moja haiwezi kunywa mvua. Lakini yaweza kufua na kumwaga chooni kwa mvua, na maji ya bomba yakabaki ya jikoni. Tena maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa ajili ya vumbi na mavi ya ndege, na tangi lifunikwe, mbu wasizae.

Yule ndugu aliogopa kwamba tukiweka matangi Serikali itapumzika. Hofu hiyo ina maana, nami siipuuzi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliunda Mamlaka nzima ya kuvuna na kuhifadhi maji. Tuidai haki hiyo. Ila sikusema mfanyakazi anunue tangi kwa mshahara wake. Paa ni la mwenye nyumba, na kodi twamlipa yeye, basi mfereji na tangi ni juu yake.

Wakati wa kujenga reli, mwaka 1896 na 1897, maji ya kuvuka nyika ya Taru yalibebwa kwa treni, na baadaye vituo vikawekewa matangi, kwani garimoshi halitembei bila maji. Mashine ilipewa tangi. Anayeifanyia kazi abebe mtungi?

Basi katika mkutano ujao nitaleta hoja hii: mapatano mapya ya nyumba yaandikwe kwamba hakuna nyumba itakayopangishwa mfanyakazi pasipo mifereji ya paa na tangi lenye kifuniko, na kila tawi lihesabu mapaa yake kabla ya masika. Natafuta wa kuniunga mkono. Yule ndugu akitaka kupinga, aje na hesabu yake.

Mwanagengi wa Osiri