Bakteria Wanamanga Mafuta, Lakini Usiwaachie Kazi Yote

Hebu fikiria umechota maji ya kisima, unainua mtungi, kitu cha kwanza kukupiga ni harufu ya petroli. Kwa wasee wa Thange, kule Kibwezi, Makueni, hii si risto ya kutunga. Mwaka wa 2015 bomba la mafuta linalotoka Mombasa kuja Nairobi lilivuja kwao. Mafuta yakaingia mtoni, yakazama kwa udongo hadi kwenye maji ya chini. Ilibidi wangoje hadi 2025 ndio korti iamue walipwe mabilioni. Doo ni poa, lakini doo haioshi kisima.

Sasa kisima huoshwa vipi? Njia moja ni kutumia bakteria.

Usicheke. Kuna bakteria wa kawaida tu wanaoishi kwa udongo, na mafuta kwao ni msosi. Wakiyamanga vizuri, kinachobaki ni maji na kaboni dayoksaidi. Lakini mafuta matupu kwao ni kama ugali bila mboga. Wanahitaji pia nitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo viko kwa samadi na mbolea, na wanahitaji hewa. Ndio maana mafundi huchanganya udongo ulioloa mafuta na mboji, wanaugeuza mara kwa mara, na kule chini kwenye maji wanasukuma hewa kwa paipu. Makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo nayo hunasa sumu kama benzini maji yakipita.

Hapa sasa ndipo raia huchezwa. Mtu akishamwaga mafuta, ni rahisi kuwaambia, "Tulieni, mazingira yatajisafisha." Ni nusu ya ukweli.

Cheki Marekani. Agosti 1979 bomba lilipasuka karibu na Bemidji, Minnesota, na karibu lita milioni 1.7 za mafuta ghafi zikamwagika. Mengi yalizolewa, mengine yakabaki chini. Wanasayansi wamekuwa wakichunguza hapo tangu miaka ya 80, na wamewaona bakteria wa palepale wakiyala na kuzuia sumu isisambae mbali. Heko kwao. Lakini miongo minne baadaye, mafuta bado yalikuwa yanaelea juu ya maji kule chini ya ardhi.

Miongo minne, buda! Mtoto aliyezaliwa siku hiyo leo ana watoto wake.

Sababu ni hewa. Oksijeni ikiisha kule chini, wale bakteria wenye spidi wanalala, wanabaki wale wa kwenda mos mos. Na benzini haingoji mtu. Inaleta kansa, na dawa ya maji unayonunua dukani huua vijidudu tu, hiyo sumu haiitoi.

Kwa hivyo wakikuja kwenu na stori ya bakteria, usiwafukuze, sayansi iko. Waulize tu maswali matatu. Nani atawalisha hao bakteria na kuwapa hewa? Nani atapima maji ya kisima, na majibu yatabandikwa wapi mkayaone? Na tukingoja, maji safi ya kunywa yanatoka wapi?

Bakteria watafanya kazi yao bila kulipwa. Aliyemwaga ndiye wa kusukumwa afanye yake.