Tumeisoma Hedhi Chuoni, Nyumbani Twainyamazia

Kabla sijaota ndevu nalikuwa nimekwisha kuhifadhi chuoni kwamba hedhi uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, aghalabu yake siku 6 au 7, na wingi wake siku 15. Tuliyasoma hayo katika Safina, wavulana watupu tumeketi mkekani, mwalimu na bakora yake mbele yetu, wala hapana aliyethubutu kucheka. Leo nimepita miaka 50, na nakiri mbele yenu, wasomaji wangu, kwamba elimu ile sikupata kuitamka nyumbani hata siku moja.

Juzijuzi mpwa wangu, binti wa sekondari, alichelewa kuingia mwezini kwa wiki mbili. Mamake akaona na utoko katika nguo za kufua, akakata hukumu palepale: mtoto ana mimba! Nyumba ikawa kama ya matanga. Binti akazuiwa shule, nami, mjomba mtu, nikaitwa kusema naye. Nilikwenda, nikaketi barazani, nikanywa kahawa yangu, nikaondoka sijatia neno. Siku ya nne akaja shangazi yake, muuguzi aliyestaafu, na kipimo cha mkojo alichonunua duka la dawa. Hapakuwa na mimba. Wiki ya pili wakapima tena: hapana. Kumbe mtoto alikuwa hali wala halali kwa hofu ya mtihani. Damu ilikuja wenyewe. Shikamoo hunipa mpaka leo, lakini machoni hanitazami.

Sasa tuseme yaliyostahili kusemwa siku ile ya kwanza. Mimba hutaka mbegu ya mume. Asiyekutana na mwanamume, hata akichelewa miezi mitatu, sababu itafutwe kwingine. Damu huja kiasi cha wiki mbili baada ya yai kutoka, na yai likikawia, damu nayo hukawia. Hulikawiza mashaka, njaa, kukonda ghafla, maradhi, kunyonyesha. Sindano ya uzazi huweza hata kuizuia damu kabisa. Wasichana wachanga na wanawake wanaokaribia kukoma hedhi mwezi wao huyumba sana. Aliyekutana na mume na siku zake zikapita, kipimo cha mkojo chaweza kumjibu tangu siku ile damu ilipotarajiwa. Kikisema hapana na damu bado haijaja, arudie baada ya wiki moja.

Na huo utoko si shahidi wa mimba. Kila mwanamke mzima anao. Ukiwa mwororo, wa kuvutika kama ute wa yai, aghalabu ni alama kwamba yai linakaribia kutoka, na hizo ndizo siku mimba huingia kwa wepesi. Mjamzito naye huweza kuuona mweupe na mwingi kuliko desturi. Lakini ukiganda kama maziwa mtindi pamoja na mwasho, ukinuka shombo ya samaki, au ukigeuka kijani, hayo ni maradhi na yana dawa. Aende kliniki, asijitie viungo na sabuni kwa kuona haya.

Zamani kazi hii ilikuwa ya somo. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa mwanamke mtu mzima asiyekuwa mamake, akamfunza mwili wake bila ya kumtweza. Tumemwacha somo akaenda zake, na mahali pake hatukumweka mtu.

Tena sisi wa chuoni hatuna udhuru. Mwanamke mwenye hedhi akiachwa, eda yake ni tahara tatu, na katika hekima zake ni kujulikana kama tumbo lina kitu au halina. Sheria haikutosheka na dalili moja. Dada yangu alitosheka na nguo ya kufua! Na mwanamke anayelipa kadha ya Ramadhani hujua barabara siku anazodaiwa. Hesabu hiyohiyo na aendelee nayo mwaka mzima, aandike kila siku ya kwanza ya damu. Kutoka hiyo hadi ya kwanza ifuatayo, siku 21 hadi 35 ni kawaida kwa mtu mzima.

Liko moja lisilongoja hesabu. Aliyechelewa, kisha akapatwa na maumivu makali chini ya kitovu, hasa upande mmoja, pengine na matone ya damu, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega, huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Ikipasuka, damu humwagika tumboni na mtu hufa. Hapo mume asikae kuulizana na wazee. Atafute gari, usiku uleule, ampeleke hospitali.